Kamera Imerudi Ofisini, Dundu Amebaki Mahongole

Mzee Hezekia Mwalongo aliingia katika kituo chetu cha kilimo hapa Njombe mwaka 1929 akiwa mfyeka majani, na amestaafu tarehe 30 Novemba 1957 akiwa mpiga picha wa wadudu. Ni miaka ishirini na minane ya utumishi. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi aliniomba niandike kwa furaha. Nimejaribu, nimeshindwa. Mimi ni Odilo Mligo, dereva, na nina hasira.

Kwanza nina hasira naye mwenyewe, niimalize hiyo mapema. Njombe hadi Makambako ni safari fupi kwa abiria mwingine yeyote. Kwa Mzee Hezekia ilikuwa siku nzima. Akiona kitu kinang'aa juu ya ua anagonga mlango, nasimama, anashuka, analala kifudifudi. Koti langu la kazi ndilo lilikuwa mwavuli wake, kwa sababu dundu wa kung'aa hapigwi picha juani: jua linamwakia mgongoni na rangi yote inageuka weupe mtupu. Basi mimi nimetandaza koti, mikono inakufa ganzi, yeye chini anasubiri mdudu ageuke. Siku moja alilala juu ya mavi mabichi ya ng'ombe ili ampate dundu wa rangi ya shaba anayeviringisha donge lake. Kisha akapanda, akaketi karibu nami mpaka Makambako, akiimba nyimbo zake za Kilutheri. Mimi Mkatoliki nilifungua madirisha yote.

Lakini kazi aliijua, na alinifundisha nikiwa sitaki. Dundu wa jamii hii utawatambua kwa vipapasio: wakinusa, ncha zake hufunguka kama karata mkononi. Wale wa maua huruka bila kuinua magamba ya mgongo. Mabawa huchomoza ubavuni, penye mkato mdogo. Rangi aliiangalia mwisho, maana dundu yule yule ukimtazama huku ni wa kijani, ukizunguka upande wa pili ni wa dhahabu. Ofisi ilitaka wauawe kwanza kwenye chupa ya sumu, wachomwe pini, wapigwe picha mezani. Mzee alikataa kata kata. Alisema wa njano akifa hugeuka rangi ya chai, na wakitaka picha za maiti watafute mtu mwingine. Walimwacha, kwa kuwa picha zake zilipendwa hata Ulaya.

Sasa hasira yenyewe. Kuna dundu mmoja wa kijani, mwenye mstari mwekundu begani, anayepatikana kule Mahongole karibu na nyumbani kwa Mzee. Hajawahi kupigwa picha akiwa hai. Hutoka ardhini baada ya mvua kubwa ya kwanza, hula maua siku chache, kisha haonekani tena mpaka mwaka mwingine. Mwaka juzi, siku zake zilipofika, gari lilipelekwa Manda kumchukua mgeni. Mwaka jana filamu ilirudi kutoka kusafishwa ikiwa nyeusi tupu. Mwaka huu mvua ilichelewa. Mzee akaomba aongezwe wiki chache tu, mpaka inyeshe. Bwana Mkubwa wa kituo akamjibu kwamba kustaafu ni kustaafu, na kamera irudishwe kabla ya sherehe. Hata kiti hakumpa.

Sherehe ilikuwepo, nitasema nini. Tulikunywa chai, Mzee akapewa blanketi. Bwana Mkubwa alimsifu sana, akimwita Ezekieli mwanzo mpaka mwisho. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu mikono ingetulia mdomo ungefunguka.

Jumanne iliyofuata mvua ikashuka. Alhamisi ikaja simu kutoka Dar es Salaam: mtaalamu mmoja anaulizia picha ya dundu wa Mahongole, aliyoahidiwa na Bwana Mkubwa mwenyewe. Ghafla kamera ikatoka kabatini, nikaamriwa nikamlete Mzee haraka, afanye kazi kama kibarua wa kutwa. Kibarua! Mzee Hezekia!

Nilimkuta mkewe, Mama Tabea, uani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Odilo. Unamtaka huyo? Yuko nyuma ya zizi, amelala chini tangu asubuhi. Mwambie uji umepoa, mimi nimechoka kuita."

Kweli alikuwa kifudifudi mbele ya kichaka cha maua. Na dundu alikuwepo, wa kijani, mstari mwekundu begani, kichwa amekizamisha katika ua. Nikamweleza Mzee nilichotumwa. Hakugeuza shingo.

"Waambie nimestaafu. Na wewe sogea, unamzibia mwanga."

Nilimbembeleza jamani. Nikamwambia asahau ofisi, aipige kwa ajili yake mwenyewe, kwani ni picha aliyoihangaikia miaka yote. Nikamwekea kamera karibu kabisa.

"Nilipoomba wiki chache walinijibu," alisema. "Irudishe, mwanangu. Huyu nitamtazama tu."

Alisema hivyo, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa majanini, na kidole kilikuwa kinabonyeza, kinabonyeza, hakuna kitu chini yake. Niligeuka nikaenda kwenye gari, maana ningelia mbele ya mtu mzima.

Bwana Mkubwa amekuwa akiniuliza kwa nini kamera ilirudi bila picha. Sasa amepata maelezo, kama kuna mtu wa kumsomea Kiswahili.

Mzee Hezekia, sisi wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila dundu uliyetuonyesha tukiwa tunampita. Tunakuombea afya njema, wewe na Mama Tabea, na mvua zinyeshe kwa wakati wake. Na wakija tena kukuita, baba, usiinuke.