Samaki wa Mti Namba Saba

KUHUSU: KUREJESHA AU KUONGEZA MUDA WA KIBALI CHA KUTUMIA CHAMBO BANDIA KINACHOZIDI SENTIMITA ISHIRINI KATIKA BWAWA LA MJI (FOMU B/7, NAKALA TATU)

Fomu yenye kichwa hicho, nakala zote tatu, ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la fundi cherehani mmoja aliyeitwa Sindano. Mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, upande wenye mguu uliofupishwa na mchwa, akinywa kahawa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Benchi hilo lilikuwa kati ya mlango wa duka lake na mlango wa kinyozi, chini ya bati lililotoboka mahali pawili, na kila mwenyeji alijua pa kukaa mvua ikinyesha. Wenyewe walipaita kijiweni. Ofisi ya mji iliwahi kuwaandikia barua ikipaita "kizuizi cha muda cha waenda kwa miguu", na muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Kibali kilikuwa kinakwisha saa kumi. Sindano alikuwa ameshaweka alama penye neno "kurejesha", kwa kalamu, si kwa penseli, na hakuwa amemwambia mtu.

Katikati ya benchi, juu ya gazeti, alilala samaki wa mti, mrefu kuliko kandambili ya mwanamume, mwenye vipande vitatu vilivyoungwa kwa waya ili ajipinde, na ndoana mbili tumboni. Aliyemchonga ni seremala, anayeitwa Randa. Mkia wake ulikatwa na kinyozi, anayeitwa Wembe, kutoka kwenye mkanda wake wa ngozi wa kunolea. Macho yalichorwa na muuza kahawa, Bi Birika, kwa rangi ya kucha. Na mzee Faili, aliyestaafu masjala baada ya miaka thelathini na moja, ndiye aliyefuatilia kibali hadi kikatoka, pamoja na kile kibati kilichopigiliwa kwenye paji la uso la samaki kikisema 7. Namba moja hadi sita hakuna aliyewahi kuziona.

— Leo Jumamosi, akasema Wembe, akikung'uta nywele za mteja kwenye taulo. Na wewe upo hapa.

— Nipo, akasema Sindano.

— Samaki naye yupo hapa.

— Naye yupo.

— Basi bwawani kuna nani?

Sindano akanywa kahawa. Jumamosi kumi na moja alikuwa amekwenda bwawani alfajiri na kurudi saa tano, na Jumamosi zote hizo, penye nafasi ya "Matokeo" kwenye fomu, alikuwa ameandika "Hakuna" kwa mwandiko uliozidi kuwa mdogo. Wenzake wa kule ufukoni walivua kwa minyoo na ndoana ndogo, wakarudi na vidagaa kwenye vikopo. Yeye alirudi na bega linalouma.

— Mimi nimelifikiria sana jambo hili, akasema Wembe. Shida ni macho. Bi Birika kamchora macho makali. Samaki mwenzake akimwangalia anajiona kama kaitwa kwa mwalimu mkuu.

— Macho yangu yaache, akasema Bi Birika, akimimina. Nimemchora mshangao. Samaki yeyote akiwa mdogo kuliko nia yake hushangaa. Shida ni mkia wako. Una harufu ya povu la kunyolea. Wewe ungekula kitu chenye harufu ya shavu la mtu?

— Si macho, si mkia, akasema Randa. Alikuwa mtu wa kusema polepole, kama anayepima kabla ya kukata. Tatizo ni heshima. Huyu ni mkubwa, ametulia, ana umbo. Wale kule chini wakimwona wanajua moja kwa moja: huyu ni baba mkubwa. Nani atamng'ata baba yake mkubwa?

— Watoto wa siku hizi wanang'ata, akasema Wembe.

— Wa nchi kavu. Wa majini bado wana adabu.

Faili akaweka kikombe chini. Hakuwahi kutoa hoja huku ameshika kitu.

— Ndugu zangu, mnazunguka. Angalieni paji la uso. Ana namba. Mimi nimekaa masjala miaka thelathini na moja, nimeona watu wazima na akili zao wakikimbia kitu kwa sababu tu kina namba. Samaki anamwona mgeni, kavaa kibati, anapita taratibu anaangalia kushoto na kulia. Atamfikiria nini?

— Mkaguzi, akasema Bi Birika.

— Mkaguzi. Basi kinachofuata ni kikao. Wameshakaa kikao kule chini, nawaapia. Wameunda kamati ndogo. Kamati imeomba maelezo zaidi. Ndiyo maana wiki kumi na moja kimya. Huko si kukataliwa, Sindano. Huko ni kusubiri majibu.

— Na mwenyekiti wao, akaongeza Wembe, amesafiri.

Wakacheka, na Sindano akacheka nao, lakini kahawa ilimpalia kidogo. Tangu Jumamosi ya kwanza alikuwa akizihesabu nadharia zao. Leo zilifika kumi na tisa. Maji yalikuwa ya baridi, maji yalikuwa ya moto, mwezi ulikuwa mpevu, vanishi ilikuwa ya kiwanda kingine, samaki wadogo walikuwa wanapeleka habari kwa wakubwa. Katika zote kumi na tisa, hakuna hata moja iliyosema kwamba huenda Sindano hajui kuvua. Hilo ndilo lililomwuma. Wangemlaumu, angalau angekuwa na pa kujibia.

Akaitoa fomu mfukoni, akaikunjua, akailaza juu ya gazeti, kando ya samaki.

— Narudisha kibali, akasema. Nitawarudishia kibati chao. Nitachukua minyoo kama watu wengine.

Faili alivaa miwani, akasoma fomu kuanzia juu, pamoja na jina la mpiga chapa, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusoma fomu. Randa alimwangalia samaki.

— Huyo nilimchonga kutoka mguu wa meza ya mama, akasema hatimaye.

— Najua, kaka. Ndiyo maana inaniwia vigumu.

— Meza nimeiegemeza ukutani. Imetulia, tunakula vizuri tu. Siulilii mguu. Unakumbuka ulivyoniambia ulipokuwa umelala?

Sindano alikumbuka. Mwaka uliopita aliugua miezi minne, mgongo ukawa haumruhusu hata kugeuka. Miezi yote minne wenzake wa benchi walifungua duka lake kila asubuhi kwa zamu, wakakaa nyuma ya cherehani bila kushona, ili wateja wakipita waone kuna mtu. Wembe peke yake ndiye aliyethubutu kupinda suruali moja, na mwenye suruali hadi leo anaonekana kama anapanda ngazi. Jioni walikuja kumwambia nani kapita. Na siku moja alimwambia Randa, akiangalia dari, kwamba maumivu anayaweza. Kilichomchosha ni kuijua kila siku itakavyokwisha kabla haijaanza. Angepewa asubuhi moja tu asiyojua mwisho wake, angepona.

Wiki mbili baadaye Randa alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

— Ulitaka asubuhi usiyoijua mwisho, akasema Randa sasa. Minyoo ni vizuri, sisemi. Lakini kwa mnyoo unajua utakachopata. Kidagaa. Huyu hujui.

— Huyu namjua, akasema Sindano. Huyu napata hakuna.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu, amebeba mapazia ya kijani kwapani, akauliza fundi ni nani. Alitaka yapindwe chini, mapana ya vidole vinne. Sindano akainuka, akayapokea, akatoa futi ya shingoni. Mama akakaa kumsubiri, akakuta kando yake samaki mwenye kibati.

— Kazuri, akasema. Ni ka nini?

— Chambo, akasema Wembe. Cha kuvulia samaki wakubwa tu. Hakamati. Tuko kwenye uchunguzi.

— Tuko kwenye hatua ya awali ya uchunguzi, akasema Faili.

Mama akamwinua kwa mkia, akamwacha ajipinde, kushoto, kulia. Akatabasamu.

— Na akiwa majini, anaogeleaje?

— Vizuri sana, akasema Randa.

— Umemwona?

Randa akamgeukia Wembe. Wembe akamgeukia Bi Birika, naye akamgeukia Faili, na Faili akaitazama fomu, ambayo haikuwa na kipengele hicho. Walikuwa wamemchonga, wakamvika mkia, wakampa macho na kumwandikisha, wakamjadili wiki kumi na moja. Hakuna aliyewahi kumwona akiogelea. Ndipo wote wakamgeukia Sindano.

— Wewe bwana si unamwona kila Jumamosi, akasema Wembe.

Sindano alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.

— Simwoni, akasema.

— Humwoni vipi?

— Namtupa mbali. Huko mbali namvuta polepole, kama inavyotakiwa, lakini haonekani. Halafu akikaribia ufukoni... Akavuta futi, akaikunja. Pale pana watu, ndugu zangu. Pale pana watu wazima wenye vikopo. Jumamosi ya kwanza mmoja aliniuliza kama nimeleta chakula cha mchana. Mwingine akaniuliza huyo samaki nimemvua lini. Basi nikiona ananikaribia, zile hatua kumi za mwisho, nakunja mshipi mbio, namtoa, namficha nyuma ya mguu. Halafu namtupa tena.

— Mbio kiasi gani? akauliza Bi Birika.

— Kama cherehani mwenye nguo akiwa kasimama mbele yangu.

Wembe hakucheka. Kwa jinsi wanavyomfahamu, hilo lilikuwa tukio.

— Kwa hiyo, akasema Faili taratibu, tumetoa nadharia kumi na tisa kuhusu jambo ambalo halijashuhudiwa na mtu yeyote, akiwemo mhusika. Akavua miwani. Kwa ofisini ni kawaida. Kwa kijiweni ni aibu.

— Kwani mkubwa, akasema yule mama wa mapazia, mkubwa hukurupuka? Mimi mume wangu akiletewa chakula hukizunguka kwanza. Labda wanamfuata taratibu, wanataka wamwone vizuri, halafu wewe unamwondoa.

Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Faili. Likatoa matone mawili, halafu mashapo.

— Kahawa imekwisha, akasema. Na ni saa nane. Nani anajua njia ya bwawani?

Walikwenda kwa miguu, Sindano mbele na fimbo begani, Randa na samaki kwenye gazeti lake, Faili na fomu. Wembe alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja wa kichwa, akamwahidi kurudi baada ya saa moja. Yule mama alisema mapazia atayafuata Jumatatu, lakini jibu lake analitaka leo, naye akaja.

Ufukoni walikuwepo wenye vikopo. Mmoja akamwona Randa akifunua gazeti.

— Mzee, leo umekuja na ukoo mzima kukusaidia kumbeba?

Masikio ya Sindano yakapata moto, kama Jumamosi zote. Akaangalia nyuma. Bi Birika alikuwa ameshakaa juu ya birika lake lililopinduliwa. Wembe alikuwa amevua viatu. Randa alisimama majini hadi kwenye vifundo, suruali haikupandishwa, akikodoa macho mbele kama mtu anayemsubiri mtoto kwenye lango la shule.

Sindano akatupa. Samaki akaruka, kibati kikameta, maji yakapokea uzito wote ule kwa kishindo, na mwenye kikopo akasema samahani, kumbe ni jiwe. Sindano akaanza kuvuta. Polepole. Zikabaki hatua thelathini, ishirini. Zikabaki kumi, na mkono wake wenyewe ukataka kukimbia, aliuhisi ukitaka. Akaushika kwa kuhesabu mshono: moja, pumzika, mbili, pumzika.

Ndipo akamwona. Alikuja kutoka kwenye maji mazito hadi kwenye maji mepesi, akipinda kiuno kushoto, kulia, bila haraka, mkia wa ngozi ukifuata nyuma yake kwa kuchelewa kidogo, macho ya rangi ya kucha yakishangaa kila kitu.

— Haya, akasema Randa kwa sauti ya chini sana. Haya, mama.

— Sindano, akasema Wembe. Nyuma yake.

Nyuma yake palikuwa na kivuli, kirefu kuliko yeye mara mbili au tatu, kikitembea mwendo uleule. Wenye vikopo wakainuka. Sindano hakuharakisha. Hakuwahi kuwa na mikono iliyotulia namna ile tangu kabla ya ugonjwa, na ilimjia wazi, pale pale, ni mikono ya nani iliyomfungulia duka.

Kile kivuli kilikuwa samaki, na hakikuvuliwa. Kilimfuata Namba Saba hadi hatua mbili kutoka miguu ya Sindano, kikamtazama, kikageuka, kikarudi kwenye kina. Saa kumi kasorobo karani wa bwawa alipokea Fomu B/7, "kurejesha" imekatwa, "kuongeza muda" imewekewa alama, na penye matokeo pameandikwa "Alifuatwa" kwa herufi kubwa. Fomu ilikuwa na nafasi ya mashahidi wawili. Walitia saini watano.