Presha ya Mtu Aliyenyamaza

Benchi la kijiweni, kati ya kibanda cha viatu na saluni, asubuhi hiyo lilikuwa halikaliki. Gundi, fundi viatu, alikuwa amefura hadi kahawa inamwagika kikombeni. Jana mkewe alianguka jikoni katikati ya ugomvi. Akapelekwa zahanati, muuguzi akampima presha, ikawa juu. Akampima na Gundi, juu vilevile. Kisha akamwambia Gundi mbele ya mama mkwe aliyekuja mbio: “Baba, huo ukimya wako unamuumiza mwenzako.” Mama mkwe akamchukua binti yake palepale, na hakusema atarudi lini.

— Mimi nimenyamaza! Sijatukana, sijainua mkono. Aliyenyamaza ana kosa gani?

— Huna kosa, kaka, akasema Kinyozi, ambaye ndiye aliyemfundisha mbinu hiyo: mke akianza, tazama dari, hesabu misumari mpaka achoke. — Mimi mwaka wa saba huu nanyamaza.

— Na shemeji haanguki?

— Aanguke wapi! Anapiga pasi. Mashati yangu yote yameungua kola.

Waya, fundi redio, akadakia.

— Mkilala kitanda kimoja miaka yote hiyo, miili inashika masafa mamoja. Wewe ukae kimya, moyo wako unapiga kelele, yeye anaunasa.

— Kwa hiyo nikimkasirikia mteja hapa, yeye anaumwa kule?

— Moja kwa moja!

— Basi wenye makosa ni wateja! Kinyozi akapiga benchi. — Muuguzi akawapime wao!

— Na mimi nani kaniuliza? Gundi akafoka. — Moyo unanidunda, masikio yanawaka moto, meno nimeyang'ata mpaka taya linauma. Yote hayo ili nyumba itulie! Leo naitwa mkatili!

Ilimchoma kwelikweli. Alimpenda mke yule, na alfajiri ya leo nyumba bila sauti yake ilimtisha.

Mama mmoja, mteja mgeni, alikuwa amesimama mguu mmoja peku akingoja kiatu chake kishonwe.

— Samahani, baba. Kwani mwenzio alikuwa anakwambia nini?

Gundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Waya, naye Waya akainamia kikombe chake.

— Alianza kwa kusema, “Nisikilize.”

— Enhee. Halafu?

— Halafu sijui, mama. Haki ya Mungu, sijui.