Neno la Mjomba wa Jebet

Kijiwe chetu hapa Eldoret kiko mbele ya duka la spea la Gichuru, kwenye benchi refu ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya. Baridi ya asubuhi ikikaza, Mama Angeline huja na kahawa, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa tumeshabishana. Gichuru tunamwita Wakili kwa sababu hakubali kushindwa. Wamalwa, anayeuza vitabu vilivyotumika, ni Kamusi. Nadhani jina hilo alijipa mwenyewe. Jumatatu hii Kipyego, yule wa maziwa kutoka Kapseret, alikuja uso umemshuka. Jumamosi wazee wake walienda kumposea Jebet. Mjomba wa Jebet, mwalimu mstaafu, akasimama, akamsifu au akamtukana kwa Kizungu. Ni lipi kati ya hayo, Kipyego hakujua.

KIPYEGO: Alisema, "This young man is unexceptionable." Halafu akaketi.

WAKILI: Na wazee?

KIPYEGO: Walitazamana. Baba yangu alipiga makofi, lakini yeye hupigia makofi Kizungu chochote.

KAMUSI: Pole, ndugu yangu. Exceptional ni mtu wa maana sana. Un ni hapana. Umekataliwa.

WAKILI: Wacha kumtisha! Exception ni ile kitu inatolewa kando. Huyu hana kitu ya kutolewa kando. Amepita.

KAMUSI: Kama amepita, mbona asiseme tu good? Mwalimu mzima hajui good?

MIMI: Walimu wa zamani walikuwa hivyo. Wetu alituita "incorrigible", tukaenda nyumbani tukijisifu, kumbe ni watukutu wasiorekebishika.

KAMUSI: Hayo maneno yote ya kukataa ni matusi. Chukua impeccable. Peck si kudonoa? Basi impeccable ni kuku mgonjwa.

WAKILI: Kuku mgonjwa, Kamusi? Si ni mtu asiye na dosari?

KAMUSI: Hawezi kudonoa! Unabisha nini?

KIPYEGO: Jameni, sitaki kuku. Nataka kujua kama wazee wangu watarudi kule Jumamosi ama wakae nyumbani.

Wakili akatoa simu, akaandika neno lile taratibu kwa kidole kimoja.

WAKILI: Haya. Simu inasema, "not open to objection."

KAMUSI: Not open! Mmesikia? Imefungwa.

WAKILI: Imefungiwa wenye kupinga!

KAMUSI: Na mlango ukifungwa, Kipyego atajuaje yeye yuko upande gani?

Nakiri hilo swali lilinisumbua kidogo. Wakati huo Lynette, fundi cherehani aliyehamia chumba cha pili kutoka duka la Gichuru wiki iliyopita, alikuwa amesimama kando akinywa kahawa yake. Hakuwa amewahi kuongea nasi.

LYNETTE: Samahani. Jebet mwenyewe alisema nini?

Kipyego akaangalia viatu vyake.

KIPYEGO: Amekuwa akinipigia simu. Sijashika. Nilitaka kwanza nijue hilo neno, nisije nikaaibika.

LYNETTE: Tangu Jumamosi?

KIPYEGO: Tangu Jumamosi jioni.

LYNETTE: Sasa yeye, huko aliko, anadhani wewe, kwa kutoshika simu, umesema nini?

Wakili akarudisha simu yake mfukoni. Nilimwonea Kipyego huruma, lakini Jebet nilimwonea zaidi.