Soksi za Gunvor

Katika tramu za Gothenburg kumsemesha usiyemjua ni kukosa adabu, kwa hiyo Tekla alijifanya anasoma gazeti, masikio kayatega.

Gunvor, mwenye kiti cha magurudumu, alikuwa akilalamika kwenye simu kwamba halmashauri imemnyima msaidizi wa nyumbani kwa kuwa ameajiriwa.

“Wamefanya sawa, binti,” akasema mzee mmoja mwenye kofia. “Anayeweza kazi atashindwaje kuvaa?”

“Kazi yangu ni kukokotoa kodi, mzee wangu. Kodi yako naifikia; soksi zangu sizifikii.”

“Basi acha kazi, watakupa msaidizi.”

“Anivalishe niende wapi?”

Tramu ikasimama. Mzee akakidaka kiti, akaanza kukisukuma bila kuombwa. “Tulia, binti. Peke yako hutaweza.”

Gunvor akakaza breki. “Twende halmashauri, ukawaambie hivyo hivyo.”