Kona ya Kwanza ya Ta Gozbert

Wasikilizaji wapendwa, tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Walutheri, Bwana asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Kaeni karibu na redio. Walioko jikoni, ndizi zitaiva huku tukizungumza.

Leo tunamkumbuka Ta Gozbert Kyaruzi wa Maruku, dereva wa lori. Alifariki kwa ugonjwa, kitandani, watoto wake wakimshika mikono. Narudia: kitandani. Kwa dereva wa lori la tela wazi, hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu.

Tela wazi mnalijua. Halina kuta. Kinachoushika mzigo ni mikanda, minyororo na uaminifu wa aliyefunga. Ta Gozbert alibeba mbao kutoka Muleba kuja Bukoba karibu maisha yake yote.

Alikuwa na desturi moja. Akishapakia, hakwenda mbali. Alisimama kona ya kwanza, akazima injini, akatoa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, akamgawia kila aliyekuwa naye. Wakitafuna, mzigo unajikalisha. Kisha alishuka, akaugonga kila mkanda kwa ngumi, akakaza upya.

Wenye mizigo walimlalamikia sana. Mzee Najibu, muuza mbao wa mjini, alinisimulia mwenyewe.

"Nilimwambia, 'Ta Gozbert, mimi nimekodi lori au nimekuja kuposa? Kahawa kila kona!' Akanijibu, 'Si kila kona, ni ya kwanza tu. Tafuna, waitu, ndugu yangu. Kelele zako hazikazi mkanda.'"

Mzee Najibu alicheka, halafu akafuta macho.

Wasikilizaji wapendwa, desturi hiyo ilizaliwa na kosa. Ta Gozbert hakulificha.

Alipokuwa dereva mpya, alipakia mbao kule Rubya. Zilikuwa za dari ya kanisa, zimerandwa zikang'aa. Hakutaka minyororo izichubue. Akafanya jambo ambalo yeyote kati yetu angefanya. Alikata magamba mabichi ya mgomba, akayalaza kati ya mnyororo na mbao.

Sisi mgomba tunaula, tunaufungia, tunaufunikia. Nani angeushuku? Lakini gamba bichi limejaa maji. Likibanwa linasinyaa, tena linateleza. Mnyororo ukalegea, na yeye hakusimama kuutazama.

Kwenye mteremko akasikia mbao zikisogea mgongoni mwake. Huko chini palikuwa na gulio. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya barabara na mananasi yao. Angefunga breki kwa nguvu, mbao zingekuja mbele, zipite kichwani mwake. Angeliachia lori, zingemwagika juu ya watu.

Akakata usukani. Akalipeleka lori kwenye ukingo wa udongo. Mbao zikaporomokea mtaroni. Mguu wake ukavunjika. Gulioni hakuguswa mtu. Narudia: hakuguswa mtu hata mmoja.

Mama Joyness alikuwa pale, akiuza mananasi.

"Nilikuwa na mimba ya Elieza," anasema. "Tukapanda mteremko mbio. Nikamkuta yule dereva amebanwa na mlango. Ananiuliza, 'Mama, nani ameumia?' Nikamwambia, 'Ni wewe peke yako!' Akasema, 'Basi, Mungu ashukuriwe.' Nikajua kichwa nacho kimepata shida."

Huyo Elieza leo ana watoto wake. Juzi alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Tangu ajali ile, Ta Gozbert alitembea akichechemea. Na tangu ajali ile, alisimama kona ya kwanza. Gamba bichi halikupanda tena kwenye tela lake.

Sasa sikilizeni jambo la juzi. Madereva wenzake waliomba wamchukue wenyewe kutoka hospitali mjini hadi Maruku, kwa lori lake. Kamala, aliyefundishwa kazi na marehemu, alishika usukani. Mjane, Ma Restituta, alikaa mbele pamoja naye.

Kona ya kwanza, Kamala akasimama. Akazima injini. Msafara wote ukasimama. Huko nyuma watu wakaulizana, "Limeharibika?"

Halikuharibika. Ma Restituta alifungua kitambaa chake, akatoa akamwani. Wakatafuna. Kisha wakashuka kukagua.

Mkanda ulikuwa umelegea. Chini yake, mmoja wa madereva alikuwa ameweka magamba mabichi ya mgomba, kwa upendo tu, jeneza lisichubuke.

Ma Restituta akayashika, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka.

"Waitu, Gozbert, hata leo!"

Halafu akamgeukia Kamala. "Yatoe hayo, mwanangu. Kaza vizuri. Mume wangu afike nyumbani."

Ma Restituta, watoto na ukoo wote wa Maruku, poleni sana. Tunalia nanyi na tunamshukuru Mungu pamoja nanyi. Mnaopakia kesho asubuhi, nawasihi, simameni kona ya kwanza. Nasi tusio na lori, tumtafakari yule ambaye hutuchelewesha kwa ajili ya usalama wetu, nasi tunamnung'unikia. Tumshukuru angali anasikia.

Kamala ameniomba nimfikishie mwalimu wake ujumbe, kwa kuwa pale kaburini sauti ilimkatika. Nausema kama alivyonipa.

Ta Gozbert, mzigo umefika. Haukusogea.