Matrikule ya Ordinatere ya Germain

Viviane, mke wa shemeji yangu Germain, ndiye aliyeniambia kwanza: ordinatere, yaani kompyuta ya mume wake, imejifunga. Germain alitoa pikipiki yake ili apate ile mashine na programu ya kuandikia. Shule ilikuwa imempa kazi ya kuandika majina ya watoto wanaomaliza darasa la sita. Lakini programu ilitumika siku thelathini tu, kisha ikadai namba ya kuandikishwa. Alituma barua Ubelgiji, kwa waliotengeneza programu. Wakati ule barua hazikufika hata Lubumbashi.

Saa kumi nikapeleka kahawa yangu ya kuuza kwenye benchi karibu na reli, mtaa wa Shituru. Germain alikuwa ameketi kati ya Papa Fonderi, aliyeyeyusha shaba miaka thelathini na moja, na Clovis, anayeitwa Enjenia kwa sababu zamani alibeba mfuko wa enjenia.

— Inaomba namba? akasema Papa Fonderi. Njo matrikule, namba ya mufanyakazi! Minye niko na matrikule mbele baba yako aoe mama yako. Haraka haraka haina baraka: kimbia, tia yangu!

— Nilitia ya marehemu papa, akajibu Germain. Ilikatala.

— Papa yako alikuwa mutu wa reli! Tia ya fonderi.

— Nilitia na yako, Papa. Jana.

— Na?

— Ilikatala.

Mzee akaweka kikombe chini.

— Ilikatala matrikule yangu? Shaba yenye iko mu nyaya zake, nani aliyeyusha? Ile mashine ni mutoto yangu!

— Hapana, Papa, akasema Enjenia. Inasikia harufu ya mugodi ya Shinkolobwe. Bazungu balibeba mawe yetu kule kwabo, sasa mashine inafika hapa, inajua benyewe beko. Inaona haya.

— Haya ya nani?

— Yako! Lakini kidole moja haiuwe chawa. Tutie matrikule tatu pamoja, itachoka.

Walicheka. Germain hakucheka.

— Kesho asubui directrice, mukubwa wa shule, anakuja kutwaa majina. Nikikosa, nitarudia kuponda mawe ku Kakontwe.

Hapo Kabedi, mfanyabiashara aliyetoka Zambia na mzigo wake, akasimama aombe kikombe. Alikuwa amesikia.

— Minye ninauzishaka baredio. Namba inaandikwaka ku karton, ile boksi yake. Karton ya ile programu iko wapi?

Germain akaangalia reli. Mimi nikasema kahawa imeisha.

Nilijua iko wapi. Siku alipofungua programu, Germain aliniambia niichome karton. Ilikuwa ngumu na nzuri, nikaipeleka nyumbani niweke makaratasi ya mtoto. Lakini mbele ya wanaume, haya ya kusema sikuichoma ilinifunga mdomo.

Kesho yake alfajiri, nilitoa ndani ya karton kadi ya ubatizo na fishi ya kupima uzito. Chini yake kulibandikwa karatasi ndogo: herufi na namba kumi na sita. Nikabeba mtoto mgongoni, nikaenda kwa Germain. Papa Fonderi alikuwa tayari mlangoni.

Germain akanyoosha mkono apokee karton. Nikaishikilia.

— Hapana, shemeji. Minye nitasoma, weye andika.

Nikasoma moja moja, kwa sauti, bila kukosa. Programu ikafunguka.

— Hii matrikule ni ya nani? akauliza Papa Fonderi.

— Ni yangu, Papa, nikasema.