Jina Lililobaki kwenye Kompyuta ya Wodi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Mkuu, Matroni, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe binti uliyekaa karibu na mlango, nawasalimu.

Nimesifiwa kwenye hafla hii ya kuniaga hadi nikaona haya. Eti kwa miaka ishirini na mbili mimi, fundi wenu wa kompyuta, nimeutunza mfumo huu kama mboni ya jicho. Jamani! Ngojeni kwanza niseme, ndipo mwamue kama keki hiyo ikatwe.

Mnaikumbuka kompyuta ya wodi ya tatu? Ukiandika neno lako la siri, ilikutafuta kwenye kanzidata nzima, jina baada ya jina, dakika nne. Mgonjwa analia, wewe umekodolea macho kiduara kinachozunguka! Basi wauguzi wakazoea: anayetoka hafungi, anayeingia anaendelea palepale, kwa jina la mwenzake. Nami sikuipangia kompyuta muda wa kukifunga yenyewe kikao, yaani kumtoa kwenye mfumo aliyeingia kwa jina lake akaondoka. Nilijua? Nilijua. Kila siku nikasema kesho.

Siku moja mgonjwa alizidishiwa dawa, saa tisa alasiri, na mfumo ukamtaja muuguzi tuliyemwita Mama Taratibu. Alikuja ofisini kwangu.

"Mwanangu, mimi nilitoka saa nane. Hebu angalia vizuri."

Nikamjibu bila hata kugeuka, "Mama, mashine haidanganyi." Wiki hiyohiyo akafukuzwa kazi.

Mwezi uliopita, nikiandaa makabidhiano, nilichimbua kumbukumbu za zamani. Kikao chake cha siku ile kilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kikafungwa kesho yake adhuhuri. Muuguzi gani, ndugu zangu, hukaa zamu saa thelathini? Tiba ya kasoro ile ilikuwa mistari miwili tu ya programu. Nilipomaliza kuiandika, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nililia, tena kwa sauti.

Nikaenda kwake. Akanipokea binti yake, huyu hapa.

"Umechelewa, kaka. Tulimzika mwaka juzi. Hadi mwisho alikuwa akisema, nilitoka saa nane."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini, Mheshimiwa Mkurugenzi, hiyo saa ya ukutani mliyoninunulia siipokei leo. Naomba barua ya kumfukuza ifutwe, na binti akabidhiwe nyingine mbele ya watu hawa, iliyoandikwa jina la mama yake na kosa langu.

Mmenisikiliza hadi mwisho, nawashukuru sana. Yeye sikumsikiliza.